Mchoma mkaa na nyota chungu nzima

Mjomba wangu amechoma mkaa huko Kilosa zaidi ya miaka 20, na mimi nikienda kwake likizo nilipokuwa mdogo kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo ni usiku wake. Mchana ni shoka na jasho, hilo kila mtu analijua. Ila tanuru likishawashwa halilali, na wewe hulali. Magogo yamelazwa, yamefunikwa majani, juu yake udongo, na ule moto wa ndani unatakiwa uende kwa kunyimwa hewa, taratibu, siku na siku. Udongo ukititia mahali ukatoboka, tundu la ngumi tu linatosha, hewa inaingia moto unashika, na ukichelewa kushtuka asubuhi unakuta miti ya wiki 2 imekuwa jivu. Kwa hiyo unalala kwa vipande, koleo liko pembeni, unaamka, unazunguka tanuru, unaangalia moshi. Ukiwa mweupe mzito, mti bado unatoa maji. Ukigeuka mwembamba wa bluubluu, jiandae kufukua. Mjomba alikuwa anausoma moshi wake hata akiwa ng'ambo ya mto.

Na alikuwa anaimba. Sauti ya chini, nyimbo zisizo na mwisho, za kanisani na za dansi na nyingine za kujitungia mwenyewe zote zinafuatana bila kituo, ili usingizi usimchukue. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanamuziki, wala yeye hajawahi kujiita.

Nimeanza na mjomba kwa sababu bila yeye nisingemwelewa Polo Montañez, mwimbaji wa Cuba, hata kidogo, ningesikia tu sauti nzuri ya kizungu cha Kihispania nikapita zangu.

Nilimpata hivi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Morogoro mjini, kijana wa enzi za Cuban Marimba, bendi ya dansi ya Salum Abdallah, yule waliyemwita SAY, na mpaka anazeeka ukimkuta ametulia kibarazani ujue kuna wimbo wa SAY unapita kichwani, maana vidole vinagonga goti. Alivyofariki nikawa usiku nikishindwa kulala naweka bando, nazitafuta zile nyimbo YouTube, moja moja. Na ukisikiliza sana Cuban Marimba lazima siku moja ujiulize hiyo Cuban imetoka wapi, ndo nikaanza kurudi nyuma kwenye mambo ya santuri za GV, zile zilizoleta nyimbo za Cuba Afrika kuanzia miaka ya 1930, wazee wetu wakazisikiliza mpaka wakazifanya zao. Hata neno tumba tunalotumia kwenye bendi za dansi, wenyewe kule Cuba ngoma ile wanaiita tumbadora. Basi YouTube ikimaliza wimbo mmoja inakuletea mwingine, na usiku mmoja ikaniletea jamaa mwenye kofia, gitaa kifuani, anaimba bila haraka kama mtu anayeongea na jirani yake.

Wimbo unaitwa Un montón de estrellas. Ukiuleta kwetu ni kama kusema nyota chungu nzima. Sijui Kihispania cha kutosha kuomba maji, ila nilirudia ule wimbo mara 5 au 6 usiku ule, na kesho yake nikatafuta maana. Ni mwanaume anajishangaa, huyu mwanamke kamuumiza, alipaswa amchukie kwa moyo wote, na bado anamwimbia. Mambo ya kawaida kabisa, ila anavyoyasema. Hakuna pa kupiga kelele, hakuna pa kujionyesha sauti. Nikasema huyu ni nani, na nilipokuta kwenye maelezo yake kwamba alikuwa mchoma mkaa nikakaa chini.

Jina lake la kuzaliwa ni Fernando Borrego Linares. Kazaliwa tarehe 5 Juni 1955 kwenye milima ya Sierra del Rosario, magharibi mwa Cuba, upande wa Candelaria, enzi hizo ni mkoa wa Pinar del Río na siku hizi baada ya kugawa mikoa upya pako Artemisa. Milima yenyewe sio mirefu ya kutisha, ila ni misitu na mabonde na enzi hizo familia zimetawanyika huko ndani moja moja, barabara hakuna, shule ni ya kusikia. Familia yake ilikuwa inahamahama humo humo milimani kufuata kazi, na kazi ilikuwa mkaa. Yeye mwenyewe kachoma mkaa, kakamua ng'ombe, kakata miti, kaja kuendesha trekta. Muziki hakuusomea popote. Nyumbani baba alikuwa anapiga na ndugu wanapiga, ikifika sherehe ya familia au ya jirani wanakaa pamoja wanapiga mpaka kunakucha, na huyu mtoto alianza na tumba kabla hata hajashika gitaa. Wimbo wake wa kwanza wa kutunga mwenyewe ni wa mwaka 1973.

Naomba huo mwaka ukae kichwani, 1973, nitaurudia.

Sasa kuna jambo kuhusu ile milima ambalo watu wakisimulia habari za Polo huwa wanalipita haraka, na mi naona ndo kiini cha habari nzima. Ile Sierra del Rosario ilikuwa imeshachoka. Miaka ya nyuma kabisa, mwanzoni mwa karne ya 19, walikuja wenye mashamba ya kahawa, wengi Wafaransa waliokimbia Haiti baada ya watumwa kupindua, wakafyeka milima wakapanda kahawa kwa mikono ya watumwa wengine. Kahawa ilivyokufa zikabaki familia masikini, na masikini wa msituni anakula msitu, tunajua wote, atakata mbao na atachoma mkaa. Mpaka miaka ya 1960 sehemu kubwa ya ile milima ilikuwa upara. Mwaka 1968 serikali ikaanza mradi, ikachukua kama hekta 5,000, wakachimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yote ili mvua isiburute udongo, wakapanda miti inasemwa milioni 6, na zile familia zilizotawanyika wakazikusanya kwenye kijiji kimoja cha nyumba nyeupe pembeni ya ziwa walilotengeneza. Kijiji kikaitwa Las Terrazas, yaani Matuta. Ndipo na kina Polo walipokuja kukaa. Miti ikakua kweli, mwaka 1985 UNESCO wakaitambua Sierra del Rosario kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani eneo la kulinda mimea na viumbe pamoja na watu wanaoishi humo, ya kwanza Cuba nzima.

Yaani watu walewale waliomaliza msitu kwa sababu hawakuwa na kingine cha kula, ndo walewale waliolipwa kuurudisha. Mi mtu wa Morogoro nikisoma hilo nasimama. Sisemi yote yalikuwa mazuri, kuhamishwa sio jambo dogo na sisi wenye wazee waliopitia operesheni za vijiji tunalijua. Ila msitu uko pale.

Halafu Umoja wa Kisovieti ukaanguka, 1991, na Cuba iliyokuwa inaegemea pale ikabaki inaning'inia. Mafuta hakuna, chakula cha shida, trekta zimesimama. Wenyewe wanaita Kipindi Maalum, na ni jina la upole sana kwa njaa. Serikali ikageukia watalii kutafuta dola, na Las Terrazas kwa kuwa sasa kuna msitu mzuri, mito, ndege, ikajengwa hoteli, Hotel Moka, ikafunguliwa 1994. Hawakukata miti kuijenga, kuna mti umepita katikati ya mapokezi ukatoboa paa ukaenda zake juu. Na hoteli inataka muziki jioni. Polo na wenzake, wengine ndugu zake, wakawa na kikundi kinaitwa Cantores del Rosario, wakawa wanapigia watalii hapo hotelini na kwenye migahawa ya kijijini. Gitaa, zile ngoma ndogo za bongo, tumba, sauti mbili tatu. Mtalii anakula kuku wake anapiga makofi anaondoka.

Tembea hapo pwani kwetu au Zanzibar jioni yoyote utawaona watu wa namna hii, wamevaa shati za kitenge zinazofanana, wanaombwa Malaika na Jambo Bwana kila siku ya Mungu, na katikati yao kuna mmoja ana daftari la nyimbo zake mwenyewe ambazo hakuna anayeziomba. Kila nikiwaona siku hizi namfikiria Polo. Kwa sababu yeye katikati ya zile za kuombwa alikuwa anaweka za kwake, alikuwa nazo nyingi zimerundikana tangu ujana, za mapenzi, za mlima, za gitaa lake.

Mwishoni mwa miaka ya 90 akapita pale mtu anaitwa José da Silva. Huyu ana asili ya Cape Verde, aliwahi kuwa mfanyakazi wa reli Ufaransa, na ndiye mwenye Lusafrica, lebo ya muziki iliyomtoa Cesária Évora, mwimbaji wa huko huko Cape Verde. Na hapa pana kitu, kwa sababu Cesária naye alikuwa mwimbaji wa baa pale Mindelo, masikini, ameshavuka miaka 45, watu wameshamwandikia amechelewa, na huyu da Silva ndiye aliyeamua kwamba hapana. Kwa hiyo alipokutana na mkulima wa miaka 40 na kitu anapigia watalii porini, yeye hakuuliza umri. Wakati huo dunia nzima inahangaika na muziki wa Cuba baada ya Buena Vista Social Club, albamu ya wanamuziki wazee wa Havana, kutoka 1997, maprodyuza wanapanda ndege kwenda Havana kutafuta wazee wengine wa mjini. Wachache walifikiria kupanda mlimani.

Mwaka 2000 ikatoka albamu, Guajiro Natural.

Hilo jina niliseme kidogo. Guajiro kwa Wacuba ni mtu wa shamba, mkulima wa bara. Linaweza kusemwa kwa upendo, na linaweza kusemwa vilevile kama sisi tunavyosema mshamba. Kila aliyetoka mkoani akashuka stendi Dar na begi lake anajua lile neno linavyouma, unajifunza kuongea upya, unajifunza kucheka wanapocheka wao, unaficha. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza chuo nilikuwa naambiwa mikono yangu inanuka moshi, na nikaacha kwenda Kilosa likizo 2 nzima. Ni kitu ninachokijutia. Na huyu bwana nafasi ya kwanza aliyopewa maishani ya kujiita jina lolote mbele ya dunia, akaandika kwenye gamba la albamu mshamba halisi. Na jina lake la kisanii lenyewe, Montañez, masikioni mwa Mhispania linakuja na mlima ndani yake.

Kule nyumbani Cuba mwanzoni haikuwa kishindo. Colombia ndiko kulikowaka. Un montón de estrellas ikashika redio za kule, ikapigwa kwenye mabasi, harusini, baa, kila mahali, albamu ikapata dhahabu na platinamu, jamaa aliyekuwa anaendesha trekta akawa anajaza viwanja kwenye nchi ambayo miaka 2 nyuma hakuna aliyewahi kulisikia jina lake. Gilberto Santa Rosa wa Puerto Rico, mkubwa wa salsa, akaurudia wimbo kwa salsa, ukasambaa tena upya Latini Amerika yote. Nimejiuliza sana kwa nini Colombia na sio kwingine. Mawazo yangu ni kwamba Colombia nayo ni nchi ya milima na ya wakulima wa kahawa, wengi wamekimbilia mijini kwa vita na umasikini, na walipomsikia huyu walisikia mtu wa kijijini kwao ambaye hajajifunza kuongea upya. Mtu anaweza kunibishia, ila ndivyo ninavyousikia ule wimbo.

Baada ya Colombia ndo Cuba nayo ikamkubali, na ikamkubali kwelikweli. Akasafiri Ulaya, Mexico, Amerika ya Kusini. Nimeangalia klipu zake za kipindi hicho, umati mkubwa mbele yake, na yeye anaimba vilevile, ile ile sauti ya kuongea na jirani, kofia ile ile. Waliomzunguka bendi imekuwa kubwa, kuna tarumbeta, taa zimekuwa nyingi, katikati pale mtu ni yule yule. Kuna klipu moja inamwonyesha kidole chake kikipapasa ukingo wa gitaa kabla hajaanza, mkono mpana wa mtu wa shoka, kucha nene, na mkono ule nausimamisha kila mara kwa sababu naujua, nimekula ugali nao sahani moja.

2002 akatoa ya pili, Guitarra mía. Usiku wa tarehe 20 Novemba mwaka huo, gari lake likagongana na lori kwenye barabara kuu ya kwenda Havana. Alilazwa siku 6. Tarehe 26 akafariki, ana miaka 47.

Piga sasa hesabu ya ule mwaka niliosema uukumbuke. Kutoka wimbo wa kwanza 1973 mpaka albamu ya kwanza 2000 ni miaka 27. Kutoka albamu mpaka kifo ni miaka 2. Watu wakisimulia habari zake wanaanza kwenye ile miaka 2, ile 27 wanaifupisha kwa sentensi moja, alikuwa masikini halafu akagunduliwa. Mi hilo neno kugunduliwa linanikera kiukweli. Kwani alikuwa amepotea? Ndugu zake walikuwa wanamjua, majirani walikuwa wanacheza nyimbo zake sherehe kwa sherehe, kila wimbo ulioijaza Colombia ulikuwa umeshajaribiwa kwa watu wanaokuambia ukweli usoni. Ile miaka 27 ndo tanuru. Ingetoboka mahali, angekata tamaa mwaka wa 10, angeona haina maana kutunga wimbo wa 50 wakati wa 49 haujatoka nje ya bonde, leo tusingekuwa na kitu. Alizunguka usiku na koleo lake akaziba matundu, bila kujua kama kuna gari litakuja kuchukua mzigo.

Na kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Salum Abdallah wetu, aliyechukua muziki wa Cuba akauvalisha Kiswahili pale Morogoro, naye aliondoka hivyo hivyo, ajali ya barabarani, 1965, akiwa bado yuko juu kabisa, bendi ikabaki kwa Juma Kilaza. Babu alikuwa anaisimulia siku ile kama msiba wa nyumbani. Nikasoma habari ya Polo usiku peke yangu nikafika hapo kwenye lori nikaifunga simu, sikuendelea mpaka kesho yake.

Nyumba yake Las Terrazas ipo, pembeni ya ziwa, imefanywa makumbusho, watu wanaenda kuona vitu vyake. Nikipata nauli siku moja nitaenda, nasema kutoka moyoni.

Ila kwanza nilienda Kilosa. Mwaka jana mwezi wa 8. Mjomba sasa hivi ameacha mkaa, magoti yamekataa na kifua nacho kile kikohozi cha moshi hakijawahi kuondoka, anafuga kuku na ana bustani ya mchicha. Nikamsalimia, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, tukala, tukakaa nje. Nikamwambia kuna mtu nataka umsikie. Nikaweka ule wimbo, sauti ya simu ndogo, ikabidi tuiweke ndani ya bakuli la bati ivume. Akasikiliza wote, kimya, ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

"Anaimba nini?"

Nikamwambia mwanamke kamuumiza na bado anamwimbia.

"Mh. Haya." Akanyamaza. "Ni wa wapi huyu?"

Nikamwambia Cuba, kisiwa, mbali, na kwamba alikuwa anachoma mkaa kama wewe, kwao wote walikuwa wachoma mkaa. Hapo akainua uso. Nikamtafutia picha ya tanuru la kule, sio la Polo mwenyewe, la wachoma mkaa wengine wa Cuba, lile la mfano wa msonge, magogo yote yamesimamishwa wima yanaegemeana katikati kabla hawajafunika majani na udongo. Akaichukua simu, akaivuta ile picha kwa vidole viwili akaikuza, akaenda kwenye kila kona ya lile tanuru kama anatafuta tundu. Alikaa nayo muda mrefu.

"Hawa wanasimamisha," akasema. "Sisi tunalaza."

Akanirudishia simu. "Hebu mweke tena."